Mtu wa Bukundi akienda kutalii kisiwani

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na wengine mmeniandikia mkiuliza kama nimeacha kalamu nikarudi kuchunga. Sijaacha. Nilikuwa visiwani. Nimefika Saanane, nimefika Ukerewe, nimevuka mpaka Ukara, na njia nzima nilikuwa nikibishana kichwani na swali nililoulizwa na baba yangu mdogo kabla sijaondoka Bukundi. Aliniuliza, "Mwanangu, yaani unalipa nauli, unalipa na kiingilio, ukaangalie swala?"

Mkicheka mtakuwa mmemwonea mzee. Kwetu Meatu mnyama wa porini si picha ya kalenda. Tembo akitoka porini usiku anamaliza mtama wa mwaka mzima kabla jogoo hajawika. Simba akiingia zizini, hasara yake inahesabiwa kwa ada za watoto. Pori la Akiba Maswa liko jirani, Serengeti yenyewe iko nyuma yake, na jamaa zetu wa upande wa Makao wana jumuiya yao ya hifadhi ambako watalii wanashuka na ndege ndogo, wanalala kwenye mahema yenye vitanda kuliko vya kwetu, kisha wanaondoka. Mtu aliyekesha akipiga madebe kufukuza tembo, umwambie tembo ni kivutio! Atakuuliza kinamvutia nani.

Kwa hiyo swali la baba mdogo ni la haki kabisa. Ila mimi naona jibu lake lipo, na lipo ziwani.

Tuanze na Saanane kwa sababu ndiyo ya karibu. Ukiwa Capri Point pale Mwanza unakiona kisiwa kwa macho, boti inachukua dakika chache tu, hujamaliza hata kupanga maneno ya kumpigia mtu simu umefika. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Tanzania, kilometa za mraba 2.18, na hapo wamehesabu na maji. Mawe, miti, pimbi wamelala juu ya mawe kama wamelipwa kufanya hivyo, mijusi yenye vichwa vyekundu, tumbili, swala. Ukipanda Jiwe Kubwa unauona mji wa Mwanza wote umekaa juu ya mawe yake, na ziwa limekuzunguka. Mimi niliyekulia mahali ambapo maji ya kunywa tuliyachimba kwenye mchanga wa mto uliokauka, nilisimama pale juu nikanyamaza. Maji yote yale! Na hayana mwenyewe wa kuyafungia ndoo.

Lakini kilichonikaa moyoni si swala, wala maji. Ni jina. Saanane alikuwa mtu. Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, ndiye aliyekuwa akiishi kwenye kisiwa kile. Mwaka 1964 serikali ikamhamisha, ikamlipa fidia, ikaanzisha pale bustani ya wanyama ya kwanza nchini. Wakaletwa nyati, tembo, pofu, faru, na wengine. Baadhi yao walikuwa wapita njia tu. Walikaa kisiwani wakingoja kusafirishwa kwenda Rubondo, na wengine kwenda kwenye bustani za wanyama za Ulaya. Mwaka 1991 kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa.

Sasa hebu fikiri kidogo ndugu msomaji. Mzee mmoja mwenye nyavu na jembe anaambiwa apishe wanyama. Anapisha. Miaka zaidi ya 60 baadaye kila anayekwenda pale analitaja jina lake, hata mgeni kutoka ng'ambo anayelitamka kwa shida. Wazee wa kwetu wanaifahamu sana habari ya kupisha wanyama. Wamasai waliondolewa Serengeti mwaka 1959, na si wao tu ambao mpaka wa hifadhi umewakuta. Lakini ni wangapi majina yao yamebaki kwenye kibao? Ndiyo maana nasema mtoto wa Bukundi akipelekwa Saanane asionyeshwe pimbi peke yake. Pimbi anawajua, ameshawarushia mawe. Asimuliwe habari ya Mzee Chawandi. Hapo ataanza kuuliza maswali, na wengine hatutayapenda maswali yake, lakini ndiyo elimu yenyewe.

Rubondo sijafika. Nitasema kifupi tu kwa sababu hadithi yake inachekesha na kusikitisha kwa pamoja. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa pale sokwe 17 waliokuwa wakiishi kwenye vizimba vya Ulaya, wakafunguliwa wajitegemee msituni. Sokwe waliokamatwa Afrika Magharibi wakiwa wadogo, wakapelekwa Ulaya, wakarudishwa Afrika kwenye kisiwa ambacho babu zao hawakukijua! Na wakaweza. Wamezaana, uzao wao uko porini mpaka leo. Nawajua binadamu waliorudi kutoka Ulaya ambao mpaka leo hawajaizoea Mwanza. Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, na kwa mfuko wa kijana wa habari ni mbali, basi.

Ukerewe ndiko nilikokaa siku nyingi. Wadau wa Simiyu sikilizeni: si lazima kupitia Mwanza mjini. Ukitoka Bariadi unashuka Lamadi, unakwenda Bunda, unachukua barabara ya Kisorya, halafu kivuko kinakuvusha Rugezi. Anayetaka kusikia ziwa vizuri apande meli Mwanza mpaka Nansio. Hiki ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria. Kuna mihogo, kuna machungwa, kuna dagaa wametandazwa juani wakimeta kama bati jipya. Na kuna Kagunguli.

Ukiuliza vijana wenzangu wa habari Kagunguli kuna nini, wengi watakuambia kuna kanisa. Ni kweli, misheni ya zamani ipo. Lakini Kagunguli ndiko alikoishi Aniceti Kitereza. Huyu mzee, aliyezaliwa mwaka 1896, mjukuu wa watawala wa Ukerewe, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu kirefu juu ya Myombekere na mkewe Bugonoka. Ni mume na mke wanaopendana, hawajajaliwa mtoto, na ndugu wanaingilia kati kama ndugu wanavyojua kuingilia. Humo ndani utakuta kila kitu cha maisha ya zamani ya kisiwani: dawa, kilimo, pombe, samaki, mahari, matanga. Wachapaji wa Kikerewe wangetoka wapi? Kitabu kikakaa. Mwenyewe akakitafsiri kwa Kiswahili. Kikaja kuchapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Miaka 35 jamani! Mtu amebeba mimba ya kitabu miaka 35. Mwaka uliofuata, 1981, akafariki, na inasimuliwa kwamba nakala zilikuwa bado hazijamfikia mkononi. Baadaye kimetafsiriwa Kijerumani, Kifaransa, na mwaka 2002 Kiingereza, kazi iliyofanywa na Mkerewe mwenzake, Gabriel Ruhumbika.

Nilimwuliza mwendesha bodaboda aliyenipeleka kama amewahi kumsikia. Akafikiri. Akasema, "Kaka, huyo si ndiye wa kile kitabu kinene?" Nikafurahi kwa sababu jibu lile lilitosha kuanzia. Tulipofika akageuka kuwa mwongozaji wangu, akaanza kuuliza watu njiani, na watu wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe juu ya mzee huyo, nani alisoma na mjukuu wa nani, nani aliwahi kukishika kitabu chenyewe. Nusu saa nzima ya mabishano matamu! Kivutio cha utalii ndicho hicho. Hakihitaji uzio wala geti. Kinahitaji chumba kimoja chenye kitabu mezani, picha ukutani, na bibi wa hapo kijijini anayejua kusimulia, alipwe kwa kazi yake. Ningependa kuona chumba hicho kabla sijazeeka.

Kabla hamjasema kijana anaota, twendeni mbali kidogo. Huko Wales, Uingereza, kuna kisiwa kinaitwa Anglesey. Kina ukubwa wa kilometa za mraba 700 na kitu, yaani kinaipita Ukerewe lakini si kwa mbali. Zamani watu wake walikuwa wafugaji kama sisi, na walipotaka kupeleka ng'ombe mnadani ng'ambo ya pili waliwaogelesha mkondo wa bahari unaoitwa Menai. Wengine walizama. Mwaka 1826 fundi mkuu Thomas Telford akawajengea daraja la minyororo, ng'ombe wakavuka kwa miguu. Msukuma wa Bukundi ataielewa habari hii kuliko profesa yeyote, kwa sababu kabla hatujapata daraja la Sibiti, mto ukijaa ulikuwa unatutenga na wenzetu wa Mkalama, mtu unaiona ng'ambo na huwezi kwenda.

Kilichofuata baada ya daraja ndicho kinachonivutia. Reli ilipopita, kijiji kimoja cha kisiwa hicho kikaona treni zinakipita tu. Wakafanya nini? Miaka ya 1860 wakalirefusha jina la kijiji! Likawa Llanfairpwllgwyngyllgogerychwyrndrobwllllantysiliogogogoch. Sijakosea kuchapa, hesabuni wenyewe, ni herufi 58. Mpaka leo watalii wanakwenda kupiga picha kwenye kibao cha stesheni. Hawana tembo, hawana sokwe. Wana kibao. Na wana ngome ya Beaumaris, iliyoanza kujengwa mwaka 1295 na fedha ikaisha kabla haijakamilika. Watu wanalipa kiingilio kuona jengo ambalo halikumalizika. Wadau, kwa utajiri huo sisi tungekuwa mbali sana, kila wilaya ina lake.

Sisemi tuige kurefusha majina. Nasema walikuwa na kitu kidogo wakakisimulia, sisi tuna vikubwa tunavipita kwa basi. Pale Ukara, kisiwa kilicho kaskazini ya Ukerewe, kuna jiwe linalocheza. Ndiyo, linacheza. Jiwe kubwa limekaa juu ya mwamba, wenyeji wakilifuata kwa utaratibu wao linatikisika. Mwenye elimu ya miamba ataeleza uzito na mizani yake, mwenyeji ataeleza mengine, na mimi niliona hakuna sababu ya kumchagua mmoja nikamfukuza mwingine. Mzee aliyetupokea alitaka kwanza tusalimie na tueleze tumetoka kwa nani. Nikajitambulisha kwa baba na babu. Akaridhika. Ukoo wangu haujui hata kuogelea lakini ulinifungulia mlango.

Na hapo Ukara ndipo ninapofika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimebakiza mita chache kufika gati ya Ukara, kikitokea Bugolora. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 220, wakiwemo waliokuwa wakirudi gulioni na magunia yao. Walizama watu wakiwa ufukweni wanawaona. Fundi mmoja wa mitambo alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili. Kabla ya hapo tulikuwa na MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu, na kila familia ya kanda hii ina jina la kutaja. Nilikuwa mdogo nilipoanza kusikia wakubwa wakisema "mwaka ule wa Bukoba" bila kuhitaji kufafanua.

Nimesimama ufukweni pale Ukara. Watoto walikuwa wanaogelea. Kivuko cha sasa ni kikubwa kuliko kile, na nilipopanda watu walihesabiwa, nimeona kwa macho. Lakini nilipoketi nilijikuta natafuta lilipo jaketi la kuokolea, nikaona na mama aliyekuwa pembeni yangu naye anatafuta, tukatazamana tukacheka kidogo, kile kicheko cha watu wenye hofu moja.

Kwa hiyo mtu akiniambia tutangaze vivutio vya visiwani, nitamwambia ndiyo, na kitu cha kwanza cha kutangaza ni usalama wa chombo. Mgeni anakuja mara moja. Mwenyeji anavuka kila wiki na tenga la samaki. Chombo kikiwa salama kwa muuza dagaa, mtalii atafika bila kubembelezwa. Tukinunua boti nzuri ya kubebea watalii halafu muuza dagaa tukamwacha kwenye mtumbwi unaovuja, hapo mimi simo. Daraja la Kigongo na Busisi, kilometa 3 juu ya maji, lilifunguliwa Juni 2025 na limewatoa watu kwenye foleni ya kivuko iliyokuwa inaweza kumla mgonjwa akiwa ndani ya gari. Ukara hakuna daraja. Wao wana kivuko, na kivuko ni kuhesabu watu, kila siku, hata siku ya gulio, hata kama wa mia moja na mbili ni shemeji yake nahodha.

Turudi kwa watoto wa Bukundi maana nilisema jibu lipo. Kiingilio cha Saanane kwa Mtanzania si tatizo, ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni wa ng'ambo. Tatizo ni njia. Kutoka Bukundi mpaka Mwanhuzi, Mwanhuzi mpaka Lalago, Maswa, Bariadi, Lamadi, Magu, mpaka ufike Mwanza mgongo umejua kila shimo la Meatu kwa jina. Kukodi basi la darasa moja kwa safari hiyo ni fedha ambayo mzazi anayeuza pamba mara moja kwa mwaka hawezi kuitoa peke yake. Basi halmashauri zetu, na hizi kampuni zinazopata riziki kwenye mapori ya Meatu, zikilipia basi moja kwa kila kata kwa mwaka, zitakuwa zimefanya zaidi ya mabango yote ya kuhamasisha utalii wa ndani. Bango la kuhamasisha utalii linabandikwa Dar es Salaam. Sijaliona hata moja mnadani Bukundi, na mnadani ndiko watu walipo.

Wapo watakaosema watoto hawana madawati na wewe unataka wapelekwe kuangalia mawe. Nimelisikia hili kwa mwalimu, tena mwalimu mzuri. Nakubali madawati kwanza. Lakini mtoto anayefanya mtihani wa maarifa ya jamii akaulizwa kisiwa ni nini, na hajawahi kuona maji yanayozidi bwawa la ng'ombe, anakariri maneno tu. Nilikuwa mtoto huyo. Niliandika "nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote" nikapata alama yangu, na kichwani nilikuwa naona mti ulioachwa katikati ya majaruba ya mpunga wakati wa mvua.

Baba mdogo nilimpelekea dagaa na nikamsimulia habari za ng'ombe waliogelea Menai. Hizo alizipenda mno, amezirudia kilabuni na sasa hivi ng'ombe wamefika elfu moja. Swala bado hataki kuwalipia. Kitereza je? Aliuliza kama kitabu kipo, maana anataka kujua kama yule mwanamke alipata mtoto. Nikamwambia sisemi, nitakuletea usome. Natafuta nakala, mwenye nayo aniandikie hapo chini, nitainunua au nitaiazima na kuirudisha, naapa.

Kuhusu safari ya Saanane, mwalimu mmoja wa Bukundi ameshaanza kuorodhesha majina ya wanafunzi wa darasa la sita, na kamati ya wazazi imekaa mara mbili. Fedha bado. Swali la kwanza la akina mama halikuwa fedha, lilikuwa kama majaketi ya saizi ya watoto yapo. Nimepiga simu kuuliza. Nimejibiwa tutaje kwanza idadi ya watoto, wao watahesabu majaketi. Tumewatajia 43.